Yadi Moja ya Mwisho

Ipo aina ya lawama ambayo binadamu huitoa kwa wepesi kuliko nyingine zote, nayo ni lawama ya mtu aliyekaribia kushinda akashindwa. Aliyeanguka mbali na mlango husamehewa. Husemwa kuwa safari ilikuwa ndefu na nguvu zake hazikutosha. Lakini aliyeanguka kizingitini hasamehewi. Huulizwa: Ulibakiwa na nini? Hatua moja tu! Kwa nini hukuimaliza? Katika insha hii nataka tuitazame hatua hiyo moja, msomaji wangu, tuone kama kweli ni nyepesi kama wasemavyo watazamaji, au kama ni nzito kuliko zote zilizoitangulia.

Mfano wangu nitautoa katika mchezo wa mbali, yaani mpira wa Kimarekani. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mchezo unaopimwa kwa yadi, na hesabu zake huonekana wazi kama hesabu za ubaoni. Pili, wengi wetu hatuna timu ndani yake, na kwa hiyo twaweza kuhukumu bila mapenzi wala chuki. Mtu akihukumu timu ya shule yake, moyo husema kabla ya akili.

Yafaa kwanza ujue mchezo wenyewe. Ni jamaa wa raga, mchezo unaochezwa katika shule nyingi za Kenya, na asili yake imo humo. Mwaka 2013 Mkenya mmoja, Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alijiunga na timu ya Indianapolis Colts akaucheza huko Marekani. Uwanja wake una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli mmoja hadi wa pili, na upana wa yadi 53 na kidogo. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Nyuma ya kila mstari wa goli pana sehemu yenye kina cha yadi 10, ambayo nitaiita eneo la mwisho. Kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine 4, ikishindwa mpira huwaendea wapinzani. Katika kila jaribio mpira hufika kwa mtu mmoja aitwaye kwotabeki, ambaye ndiye kiongozi wa mashambulizi. Huyo aweza kumkabidhi mkimbiaji, aweza kumrushia kwa mkono mwenzake aliye mbele, au aweza kukimbia nao mwenyewe. Mpira ukivuka mstari wa goli mikononi mwa mshambuliaji, hilo ni bao kuu, waliitalo tachidauni, lenye pointi 6, na baada yake timu hupewa nafasi ya kuongeza pointi moja kwa teke. Timu ikiona njia imezibwa, yaweza kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti miwili, ikapata pointi 3 tu.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mara nyingi timu huondoka nyumbani kwake ikakata uwanja yadi 70 au 75 kwa madaha, wapinzani wakirudi nyuma kama majani mbele ya upepo. Ikifika katika yadi 20 za mwisho, ambazo Wamarekani huziita eneo jekundu, mwendo hugeuka. Waliokuwa wakikimbia huanza kutambaa. Yadi 10 zilizopatikana kwa jaribio moja katikati ya uwanja sasa hazipatikani kwa majaribio 4. Watazamaji husimama wakapiga kelele kwamba wachezaji wamekuwa waoga au kocha amepotewa na akili. Waswahili husema, jogoo la shamba haliwiki mjini. Lakini methali hiyo hutueleza kwamba jogoo amenyamaza. Haituelezi kwa nini. Kazi ya mhakiki ni kuitafuta sababu.

Sababu ya kwanza ni nafasi. Chukua kalamu ufanye hesabu pamoja nami. Timu ikiwa katikati ya uwanja ina yadi 50 mbele yake mpaka mstari wa goli, na yadi 10 za eneo la mwisho. Hizo ni yadi 60. Zidisha kwa upana wa yadi 53, utapata yadi za mraba 3,180. Hiyo ndiyo ardhi ambayo walinzi 11 wapaswa kuilinda. Kila mmoja ana fungu la yadi za mraba 289. Sasa isogeze timu hiyo mpaka yadi 5 kutoka mstari. Mbele yake zimebaki yadi 15 tu. Zidisha tena kwa 53, utapata 795, na fungu la kila mlinzi limekuwa 72. Walinzi ni walewale, miguu yao ni ileile, lakini shamba la kulinda limepungua mara nne. Ukifika yadi 1, fungu la kila mmoja ni yadi za mraba 53, kama chumba kimoja cha darasa dogo. Hapana haja ya mlinzi kuwa hodari sana ili alinde chumba kimoja.

Lipo na jambo jingine ndani ya sababu hii. Katikati ya uwanja walinzi wawili au watatu hulazimika kukaa mbali nyuma, kwa kuogopa mpira mrefu upitao juu ya vichwa vyao. Karibu na goli hofu hiyo huondoka, kwa kuwa mstari wa nyuma wa eneo la mwisho hulinda kwa niaba yao. Mpokeaji akiuvuka mstari huo na kuudaka mpira nje, bao halihesabiwi. Basi mstari ule wa chokaa ni sawa na mlinzi wa 12, asiyechoka wala kudanganywa. Wale waliokuwa nyuma husogea mbele wakaungana na wenzao, na njia zilizokuwa pana kama barabara huwa nyembamba kama vichochoro vya Lamu.

Sababu ya pili ni idadi. Watu 11 hushindana na watu 11, nawe waweza kudhani kuwa mizani iko sawa. Haiko sawa. Kwotabeki akishamkabidhi mkimbiaji mpira, kazi yake kwa kawaida imekwisha, husimama akatazama. Mkimbiaji naye amebeba mzigo, hawezi kumfungulia mtu njia. Wamebaki wafungua njia 9 dhidi ya walinzi 11. Katikati ya uwanja upungufu huo hauumizi, kwa sababu walinzi wawili wako mbali. Katika yadi ya mwisho wote 11 wako hapo hapo, bega kwa bega, na wawili kati yao hawana wa kuwazuia. Hao wawili ndio wamwangushao mkimbiaji. Mtazamaji humlaumu mkimbiaji kwa kukosa nguvu, kumbe alikimbilia katika hesabu isiyoweza kumtoka sawa.

Sababu ya tatu imo katika moyo na saa. Mbali na goli, jaribio likiharibika hasara yake ni ndogo, kwa hiyo mtu hujaribu kwa utulivu. Karibu na goli kila jaribio ni la thamani kubwa, na kocha hukimbilia kile akipendacho zaidi: mkimbiaji wake mzito au mpokeaji wake mashuhuri. Mpinzani naye hukijua kipenzi hicho, akakingojea. Hapo ndipo ule usemi wa wazee, mkamia maji hayanywi, unapokuwa si usemi tu bali maelezo ya kanuni. Mwenye pupa huifuata njia moja, na njia moja ni rahisi kuziba.

Hizo ndizo sababu. Lakini sababu zisizopimwa kwa matukio ni maneno matupu. Kwa hiyo na tupitie matukio matatu ya fainali na mechi kuu za Marekani, tukiyapima moja moja.

Tukio la kwanza lilikuwa tarehe 24 Januari 1982, katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan, San Francisco 49ers walipokutana na Cincinnati Bengals katika fainali iitwayo Super Bowl. Robo ya tatu ya mchezo Bengals walikuwa nyuma kwa pointi 20 kwa 7, wakafika yadi 3 kutoka goli wakiwa na majaribio yote 4 mkononi. Jaribio la kwanza walimpa Pete Johnson, mkimbiaji wao mzito, akapata yadi 2. Imebaki 1. La pili wakampa Johnson tena. Akagonga kifua cha walinzi, asipate kitu. La tatu wakarusha kwa Charles Alexander, naye akaudaka mpira, lakini aliudaka kabla ya mstari badala ya ng'ambo yake, na mlinzi Dan Bunz akamkamata papo hapo asimwache aanguke mbele. La nne wakamrudia Johnson, ukuta ukasimama. San Francisco walishinda kwa 26 kwa 21. Tofauti ilikuwa pointi 5, pungufu ya tachidauni moja.

Hapa hukumu si ngumu. Bengals walikuwa na majaribio 4, na katika 3 walimtuma mtu yuleyule mahali palepale. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Lile la kurusha lilikuwa wazo jema lililoharibiwa na umbali wa hatua moja, kwa kuwa mpokeaji akisimama kabla ya mstari hajapunguza kazi, ameihamisha tu. Kosa la namna hiyo lilirudi tena tarehe 30 Januari 2000 mjini Atlanta, Tennessee Titans walipokuwa nyuma ya St. Louis Rams kwa 23 kwa 16. Katika jaribio la mwisho kabisa, kutoka yadi 10, Kevin Dyson alipokea mpira kabla ya kufika goli, akageuka kukimbia, na Mike Jones akamshika miguu. Dyson aliunyosha mkono wenye mpira kadiri alivyoweza, akaanguka yadi 1 kabla ya mstari, na saa ikaisha.

Tukio la pili ni la zamani zaidi. Tarehe 31 Desemba 1967, katika mji wa Green Bay, timu ya Green Bay Packers ilicheza na Dallas Cowboys katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri kwa kipimo cha sentigredi. Mitambo iliyotiwa chini ya uwanja kuupasha joto ilishindwa, na ardhi ikaganda ikateleza kama sahani. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Packers walikuwa nyuma kwa 17 kwa 14, nao wako pungufu ya yadi 1 kutoka goli. Mkimbiaji wao Donny Anderson alikuwa amejaribu mara mbili, miguu ikamteleza. Jaribio la tatu ndilo lililokuwa mbele yao, na ruhusa ya mwisho ya kusimamisha saa waliitumia hapo. Kwotabeki Bart Starr akaenda kuzungumza na kocha wake, Vince Lombardi.

Walikuwa na njia tatu. Wangeweza kuupiga mpira kwa mguu, wapate pointi 3 na kusawazisha. Wangeweza kurusha, kwa kuwa mpira uliorushwa ukaanguka chini husimamisha saa, na bado wangebaki na jaribio jingine. Au wangeweza kukimbia. Walichagua kukimbia, lakini kwa namna nyingine. Starr hakumkabidhi mtu mpira. Aliushika mwenyewe, akajitosa nyuma ya Jerry Kramer na Ken Bowman waliokuwa wakimsukuma mlinzi Jethro Pugh, akaangukia ng'ambo ya mstari. Packers walishinda kwa 21 kwa 17. Chuck Mercein, aliyekuja nyuma ya Starr akidhani mpira ni wake, aliinua mikono juu kuonyesha kwamba hamsukumi kiongozi wake, kwa maana siku hizo kumsukuma mwenye mpira kulikuwa ni kosa.

Angalia uzuri wa uamuzi huo katika hesabu yetu. Kwotabeki anapokimbia mwenyewe hakuna anayebaki akitazama. Wafungua njia hawawi 9 tena, waweza kuwa 10. Tena hapotezi muda wa kukabidhiana, wala hahitaji kupiga hatua nyingi juu ya barafu. Starr hakuushinda ukuta kwa ushujaa peke yake. Aliibadili hesabu kwanza, ndipo akaugonga. Kwamba kanuni hii ni ya kweli, miaka ya karibuni imeshuhudia. Baada ya katazo la kusukuma kuondolewa mwaka 2005, ilikuja timu ya Philadelphia Eagles, ambayo tangu msimu wa 2022 ilimtumia kwotabeki wake Jalen Hurts kwa mtindo huo, wenzake wakimsukuma kutoka nyuma. Walifaulu mara nyingi mno, hata mwaka 2025 timu nyingine zikaomba mtindo huo upigwe marufuku. Kura 22 zilikubali na 10 zikakataa. Zilihitajika 24, na ombi likaanguka. Watu hawaombi kupiga marufuku kitu kisichofanya kazi.

Tukio la tatu ndilo lililozua kelele nyingi. Tarehe 1 Februari 2015, mjini Glendale katika jimbo la Arizona, Seattle Seahawks walicheza fainali na New England Patriots. Patriots waliongoza kwa 28 kwa 24. Katika dakika ya mwisho Marshawn Lynch, mkimbiaji wa Seattle mwenye nguvu za kutisha, aliuchukua mpira kutoka yadi 5 akaufikisha yadi 1. Saa iliendelea kutembea. Seattle walikuwa na majaribio 3, na ruhusa moja tu ya kusimamisha saa. Zilipobaki sekunde 26 dunia nzima ilingoja Lynch apewe mpira. Kocha Pete Carroll na wasaidizi wake wakachagua kurusha. Kwotabeki Russell Wilson aliurusha katikati kwa Ricardo Lockette. Mlinzi kijana Malcolm Butler akachomoka, akafika kabla yake, akaunasa. Mchezo ukaisha hapo. Tangu siku hiyo wengi wamesema kwamba huo ni uamuzi wa kipumbavu kuliko wote uliopata kufanywa katika mchezo ule.

Msomaji, sitaki uamini haraka. Kaa pamoja nami upande wa Carroll kwa kitambo. Sekunde ni 26, majaribio ni 3. Ukikimbia ukazuiwa, saa haisimami, nawe walazimika kutumia ruhusa yako pekee. Ukikimbia mara ya pili ukazuiwa, huenda usipate wakati wa jaribio la tatu. Lakini ukirusha kwanza na mpira ukaanguka chini, saa husimama bure. Umepoteza sekunde chache tu, na bado una ruhusa yako na majaribio mawili. Kwa hiyo, atakaye kuyatumia majaribio yote matatu yampasa kurusha angalau mara moja. Tena Patriots walikuwa wamejaza watu wazito mbele ili kumngojea Lynch. Na katika msimu ule wote hapakuwa na mpira uliorushwa kutoka yadi 1 ulionaswa na walinzi, mpaka huo wa Butler. Je, huu ni upumbavu? Siuoni. Naona mtu aliyefanya hesabu.

Sasa weka matukio mawili kwenye mizani moja. Lombardi alikuwa na sekunde 16, hana ruhusa ya kusimamisha saa, akakimbia. Lau Starr angeteleza, saa ingeisha akiwa chini ya rundo la watu, Packers wangeshindwa bila hata kujaribu teke la kusawazisha, na Lombardi angeitwa mpumbavu mpaka leo. Alihatarisha zaidi kuliko Carroll, akafaulu, akaitwa shujaa. Carroll alihatarisha kidogo, akashindwa, akaitwa mjinga. Basi watu hawakuhukumu uamuzi; walihukumu matokeo, kisha wakayavika matokeo nguo za uamuzi. Hili ndilo kosa kubwa la wahakiki wa mpira, na si wa mpira peke yake.

Lakini sitamwacha Carroll huru kabisa, kwa maana kumtetea mtu kwa kila jambo nako si uhakiki. Kosa lake, kwa maoni yangu, halikuwa kurusha. Lilikuwa mahali alipoelekeza mpira. Tumekwisha kuona kwamba yadi za mwisho ni haba wa nafasi, na pahali penye uhaba kuliko pote ni katikati, ambako miili yote imesongamana. Mpira uliorushwa kwenye pembe ya eneo la mwisho huwa na wawili tu wa kuugusa, mpokeaji na mlinzi wake, na ukikosewa huanguka nje bila madhara. Mpira uliorushwa katikati una mikono mingi ya kuunasa. Tena Wilson alikuwa mkimbiaji hodari. Angeweza kupewa njia ya pembeni, akimbie akiona pako wazi, arushe nje akiona pamezibwa. Kwa njia hiyo angebadili hesabu kama Starr alivyoibadili. Seahawks waliona vema kwamba ukuta haufai kupigwa ngumi, lakini walichagua kupita katika tundu lililokuwa jembamba kuliko yote.

Wala tusimsahau Butler, kwa kuwa kila lawama ya aliyeshindwa huficha sifa ya aliyeshinda. Kijana huyu hakuchaguliwa na timu yoyote wakati timu zilipogawana wachezaji wapya. Aliingia Patriots kwa kujaribiwa tu. Katika jaribio lile aliingizwa uwanjani dakika za mwisho kabisa. Katika mazoezi ya kabla ya fainali wenzake walimchezea mtindo huohuo wa Seattle, naye akachelewa, akafungwa, akaonywa. Alipouona tena siku ya fainali aliutambua, na safari hii hakuchelewa. Kupotea njia ndiko kujua njia. Wengi wasemao kwamba Seattle waliutupa ubingwa hawana habari kwamba yupo mtu aliyeuchukua.

Nimekueleza mambo ya Marekani kwa urefu, na huenda unauliza yanatuhusu nini. Nitakujibu kwa kisa kifupi, ingawa hakinipi sifa. Miaka iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, timu yetu ya soka ilicheza fainali ya wilaya. Dakika za mwisho mpira ulimfikia kijana mmoja hatua nne au tano mbele ya goli. Mbele yake palikuwa na kipa na walinzi sita waliojazana kama dagaa ndani ya kapu. Alipiga; mpira ukagonga mguu wa mlinzi ukatoka nje. Tulifungwa bao moja kwa nunge. Njiani kurudi nyumbani ndani ya gari wenzake walimpa jina la kumcheka, nami niliyeketi mbele nilisema kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba hata mtoto angelifunga bao lile. Kijana hakujibu. Muhula uliofuata hakuandikisha jina lake katika timu, na hakulirudisha tena mpaka alipomaliza masomo.

Nilichosema kilikuwa uongo, msomaji, ingawa sikujua. Mtoto asingelifunga. Hatua zile nne zilikuwa na watu saba ndani yake, na kijana yule alikuwa na muda mfupi kuliko wa kupepesa macho. Kama ningeuliza swali moja tu, yaani nafasi ilikuwa kiasi gani, ningeona kwamba kosa, kama lilikuwapo, lilitangulia: kwamba timu nzima iliusukuma mpira katikati muda wote wa nusu ya pili, na winga wetu wa kushoto alisimama peke yake pasipo mtu wa kumpa pasi. Hilo ndilo la kusahihishwa mazoezini. Badala yake nilitoa hukumu nyepesi juu ya mtu mmoja, na timu ikapoteza mchezaji bila kujifunza lolote.

Kwa hiyo nakuachia maswali matatu ya kujiuliza kila utakapotaka kumlaumu aliyeshindwa karibu na mwisho. La kwanza: alikuwa na nafasi kiasi gani, na wangapi walikuwa wakimzuia? La pili: kabla matokeo hayajajulikana, uamuzi wake ulikuwa na sababu au hauna? La tatu: mpinzani alifanya nini kizuri? Ukiyajibu hayo kwa haki, bado waweza kulaumu, kama nilivyomlaumu Carroll; lakini lawama yako itamwonyesha mtu njia ya kupita siku nyingine, wala haitamfukuza uwanjani.

Yadi 99 huweza kupatikana kwa nguvu na mbio. Yadi moja ya mwisho hutaka hesabu, na ndiyo maana wengi huanguka hapo. Ukimwona mtu ameanguka hapo, kumbuka kwamba kwanza ilimbidi afike.